Ukinzani wa Hewa: Somo la Ngalawa na Eropleni

Tutazame ngalawa za Bagamoyo zirudipo pwani kwa tanga moja. Kila moja ni gogo la mwembe, nalo limechongwa jembamba mbele na nyuma pia. Wengi wetu hudhani ya kuwa ncha ya mbele ndiyo yenye kazi, na ile ya nyuma ni pambo tu. Sivyo. Maji yaliyopasuliwa sharti yakutane tena taratibu. Yakikatishwa ghafula huzunguka-zunguka nyuma ya chombo na kukivuta kisiende.

Hewa nayo hufanya vivyo hivyo kwa eropleni. Waya wa mviringo huzuiwa na hewa kama mara kumi kuliko mti wa unene ule ule uliochongwa kwa umbo la samaki, mnene mbele na mwembamba mkiani. Hata hivyo eropleni za zamani zilijaa nyaya! Mwaka 1929 Profesa Melvill Jones wa Cambridge alionyesha ya kuwa nguvu nyingi za injini zilipotea katika kuivuruga hewa bure. Matunda ya maarifa hayo yalionekana pwani yetu mwaka 1937, eropleni za Imperial Airways zilipoanza kutua majini Mombasa na Dar es Salaam: ubawa mmoja kila upande, usiofungwa nyaya.

Sasa yuko mtu ajengaye eropleni yake nyumbani, kama wafanyavyo wengi huko Marekani. Injini yake ni ndogo. Aweza kusema, "Nitatia iliyo kubwa." Lakini hesabu yamkataza: mwendo ukiwa mara mbili, ukinzani huwa mara nne, na nguvu zitakiwazo mara nane. Afadhali ayafunike magurudumu, azibe nyufa baina ya mbawa na mwili, na hewa ipozayo injini aifanyie njia ya kuingia na ya kutokea.

Upo ukinzani wa pili, uzaliwao na kule kuubeba uzito angani. Huu huzidi eropleni iendapo polepole, yaani wakati wa kupaa, na dawa yake ni mbawa ndefu nyembamba kama za membe. Fundi apunguzaye mbawa kwa tamaa ya mbio, kisha akapakia abiria wa pili, huenda asiipite minazi iliyo mwisho wa kiwanja.