Fahamu: "Ile hela tuma kwenye namba hii"

Ujumbe huu umesambaa Tanzania kwa miaka mingi, na bado unawaliza watu. Tapeli hakujui. Anaurusha kwa namba nyingi akimtafuta mmoja ambaye kweli siku hiyo alitakiwa kutuma kodi ya nyumba au ada. Ukiupata, mpigie anayekudai kwa namba uliyoizoea.

Hatari zaidi ni anayepiga akijiita mhudumu wa benki. Anataka namba ya siri, au tarakimu zilizoingia sasa hivi kwenye simu yako. Akizipata, ameingia kwenye akaunti. Kata simu.

Ujumbe wa kitapeli utume 15040, namba ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Piga *106# ukague laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Pesa ikishatoka, wapigie huduma kwa wateja ya mtandao wako papo hapo, kabla haijatolewa kwa wakala.