Kabla ya kuuza shamba ili mtoto asome digrii

Katika baraza la mwezi jana kule Kaloleni, baada ya maswali ya maji na barabara, mama mmoja alisimama nyuma na kuuliza jambo ambalo halikuwa kwenye ajenda. Kijana wake amepata C+ katika KCSE ya mwaka 2024 na anataka kusomea digrii ya biashara jijini Nairobi. Mnunuzi wa shamba lake la minazi tayari amepatikana. "Mwanangu, wewe umesoma," aliniambia. "Niuze au nisiuze?"

Nilimjibu kwa kifupi kwa kuwa watu walikuwa wameanza kuondoka. Jibu refu ni hili, kwake na kwa wazazi wengine ambao watoto wao wanajiandaa kuchagua kozi kupitia KUCCPS.

C+ ndiyo alama ya chini ya kuingia chuo kikuu. Watahiniwa 246,391 waliipata au kuipita katika mtihani huo, takriban robo ya waliofanya. Kwa hiyo kijana ana haki ya kujivuna. Lakini kufunguliwa mlango si kulazimishwa kuingia, na wazazi wengi huanza kutafuta pesa kabla hata ya kujua wanadaiwa kiasi gani.

Zamani hesabu ilikuwa rahisi. Mwanafunzi aliyefadhiliwa na serikali alilipa karo ya shilingi 16,000 kwa mwaka, basi. Katika mfumo ulioanza 2023 familia huwekwa katika makundi kulingana na uwezo wake. Kwa makundi yalivyotangazwa, familia ya kundi la kwanza, lenye uhitaji mkubwa zaidi, hulipa asilimia 5 ya gharama ya kozi. Ufadhili wa serikali ni asilimia 70 na mkopo wa HELB asilimia 25. Familia ya kundi la tano hulipa asilimia 40, na ufadhili na mkopo huwa asilimia 30 kila mmoja. Mahakama Kuu iliukataa mfumo huu Desemba 2024 na serikali ikakata rufaa, kwa hiyo hakikisheni mnafuata tangazo la karibuni zaidi.

Tuchukue mfano wa kozi ya shilingi 200,000 kwa mwaka. Familia ya kundi la kwanza italipa 10,000 kwa mwaka. Ya kundi la tano italipa 80,000. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama shamba linahitaji kuuzwa, na hujulikana tu baada ya mwanafunzi kupewa nafasi na kutuma maombi katika tovuti ya hef.co.ke. Anayeuza leo anauza bila kujua bei ya kitu anachonunua. Tena, asiyeridhika na kundi alilowekwa anaweza kukata rufaa katika tovuti hiyo hiyo. Wengi hawafanyi hivyo, wanakwenda moja kwa moja kwa mnunuzi wa mbuzi.

Kuna upande mwingine ambao hauzungumzwi sana barazani. Mwanafunzi wa kundi la kwanza katika mfano wetu atakopa 50,000 za karo na 60,000 za matumizi kila mwaka. Kwa miaka minne hizo ni 440,000. Yule wa kundi la tano atakopa 60,000 za karo na 40,000 za matumizi, jumla 400,000. Yaani mtoto wa familia yenye uhitaji zaidi ndiye anayetoka chuoni na deni kubwa zaidi, hata kama mzazi hakuuza kitu. Riba ni asilimia 4 kwa mwaka, na malipo huanza mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo.

Hapa nizungumze kama mdaiwa. Nilisomea uanahabari, nikamaliza, nikaandika habari za kulipwa kwa kila taarifa kwa zaidi ya miaka miwili. Barua za HELB sikuzifungua. Faini ya anayekosa kulipa ni shilingi 5,000 kwa mwezi. Piga hesabu ya miezi 24. Digrii yangu ndiyo iliyonipa kazi hii ninayoifanya, siikani. Lakini ningejua hesabu hiyo mapema, ningewaandikia hata kuwaambia sina.

Swali ninalotaka kila familia iulize ni kama kazi anayoitaka mtoto inadai digrii kisheria. Udaktari, uhandisi na uwakili zinadai, na hapo ulizeni pia bodi ya taaluma husika kama inaitambua kozi ya chuo mnachokichagua. Lakini muuguzi au afisa wa kliniki anaweza kuanza na diploma ya KMTC, na kampasi yake ipo hapa Kilifi. Kwa uhasibu, mitihani ya CPA ya KASNEB haihitaji uwe na digrii kwanza. (Ugavana unahitaji digrii, ikiwa hiyo ndiyo nia ya kijana.)

Tena digrii inaweza kuja baadaye. Mwenye diploma nzuri anaweza kuomba kuendelea hadi chuo kikuu, akiwa tayari na mshahara. Diploma kwa kawaida inahitaji C- na cheti D. Chini ya hapo kuna kozi za ufundi, zikiwemo zile za vyuo vya ufundi vya kaunti, ambavyo Katiba ya 2010 iliviweka mikononi mwa serikali za kaunti. Fundi wa umeme au makanika anayefanya mtihani wa NITA huanza daraja la tatu na kupanda. Anayejua kufunga pampu ya maji ya sola hakosi wa kumpigia simu Magarini au Ganze. Wanafunzi wa vyuo vya kiufundi vya kitaifa nao wanaweza kuomba mkopo wa HELB.

Jambo la mwisho, kwa sababu limewaumiza wengi. Katika mfumo wa 2023, anayechagua chuo kikuu cha kibinafsi anaweza kupata mkopo lakini hapati ufadhili ule wa serikali. Kabla ya kubonyeza chaguo, someni gharama yote ya kozi iliyoandikwa kando ya jina lake, kisha ongezeni nauli, chumba na chakula. Pwani University iko Kilifi mjini. Kijana anayelala nyumbani anajiondolea kodi ya Nairobi.

Mama wa Kaloleni tumepanga aje ofisini na kijana wake, wakiwa na matokeo na orodha ya kozi anazozitaka. Mnunuzi wa shamba ameambiwa asubiri.