Mlango Mmoja Unatosha: Kutunza Sauti za Eringeti katika Nyumba Tatu

Nina saa 9 za Kimbuba. Ni hadithi, mafumbo na mazungumzo ya kawaida niliyorekodi Eringeti, mji mdogo ulioko kwenye barabara ya taifa namba 4, karibu kilomita 60 kaskazini mwa Beni, ukingoni mwa Ituri. Kimbuba si lugha ya Kibantu kama Kinande. Ni ya kundi la Sudani ya Kati, ndugu wa Kilese, na yaliyoandikwa juu yake ni machache. Tangu mauaji ya wilaya ya Beni yalipoanza Oktoba 2014, watu wa eneo hilo wamekimbia makwao mara kwa mara. Tarehe 29 Novemba 2015 Eringeti yenyewe ilishambuliwa, hata hospitali haikuachwa. Mtu anayekimbia usiku hubeba watoto, habebi kompyuta.

Kwa hiyo tulitaka nakala tatu zinazojilinganisha zenyewe: moja Eringeti, moja Beni, moja Butembo. Tulichagua Syncthing, programu huria isiyohitaji ghala la kati. Kila kompyuta ni nodi, yaani fundo moja la wavu, na mafundo hupeana mafaili moja kwa moja. Mtandao wa namna hii huitwa wa rika kwa rika, na jina linafaa, kwa sababu hakuna nodi iliyo bosi wa nyingine. Lakini siku ya kwanza marika wetu watatu walionana kwa shida. Tatizo lilikuwa mlango, na ndio ninaotaka kuueleza hapa.

Tuanze na neno lenyewe. Darasani wengi tulikuwa tukisema "bandari", kwa kuwa port ya Kifaransa ni bandari ya meli. Tafsiri hiyo inapotosha. Neno la kompyuta linahusishwa na porta ya Kilatini, yaani lango, na kazi yake ni ya lango. Nitasema mlango.

Ruta ya nyumbani ina pande mbili. Upande wa nje ina anwani moja. Upande wa ndani huvigawia vyombo vyako anwani za nyumbani, mara nyingi zinazoanza na 192.168, ambazo hutumika katika mamilioni ya nyumba na hazina maana huko nje. Fikiria kiwanja chenye ukuta, geti moja, mlinzi mmoja na nyumba kadhaa. Mtu wa ndani akituma barua, mlinzi huandika jina lake, na jibu likirudi anajua ni la nani. Mgeni akija bila kuitwa, mlinzi hajui ampeleke nyumba ipi, kwa hiyo humrudisha. Ukisoma tovuti, jambo hilo halikusumbui, maana wewe ndiye unayeanza kubisha. Nodi hubisha, lakini pia inapaswa kubishiwa.

Kila anwani ina milango yenye namba, hadi 65535. Syncthing husikiliza kwenye mlango 22000, na nodi ya Bitcoin kwenye 8333. Kuelekeza mlango ni kumwachia mlinzi agizo la kudumu: anayekuja kwa 22000 apelekwe kwenye kompyuta hii. Hatua ni nne.

Kwanza, ipe kompyuta anwani ya ndani isiyobadilika. Ukiagiza wageni waende 192.168.1.20, na kesho ruta ikaipa kompyuta 192.168.1.23, watapelekwa kwenye nyumba tupu. Katika ukurasa wa ruta, sehemu ya DHCP, funga anwani hiyo na namba ya MAC ya kompyuta.

Pili, katika ukurasa huohuo tafuta sehemu ya kuelekeza milango. Kwenye ruta za Kifaransa utasoma redirection de ports. Andika 22000 nje, 22000 ndani, anwani ya kompyuta, kisha chagua TCP na UDP zote mbili.

Tatu, iruhusu Syncthing katika ulinzi wa kompyuta yenyewe, la sivyo mgeni atavuka geti na kukuta mlango wa nyumba umefungwa.

Nne, jaribu ukiwa nje, kwa mfano kwa data ya simu. Aliye ndani ya kiwanja hajajaribu geti.

Beni tulifuata hatua zote, na hatukufanikiwa. Ruta ilionyesha anwani ya nje inayoanza na 100.72, lakini tovuti ya kuangalia anwani ilionyesha nyingine kabisa. Hiyo ndiyo dalili. Anwani za mfumo wa zamani, IPv4, hazizidi bilioni 4.3, na akiba ya dunia iliisha Februari 2011. Kampuni za intaneti huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na mwaka 2012 anwani za 100.64 hadi 100.127 zilitengwa kwa kazi hiyo. Maana yake, kiwanja chako kimo ndani ya kiwanja kikubwa zaidi, na mlinzi wa geti la nje si wako. Agizo ulilotoa ni sahihi, ila mgeni hafiki mahali linaposomwa. Hakuna kitufe cha kurekebisha hilo. Unaweza kuiomba kampuni anwani ya umma tu, nayo inaweza kukukatalia. Eringeti, kwenye laini ya simu, hali ilikuwa ileile.

Tulichochelewa kuelewa ni kwamba milango mitatu haihitajiki. Nyumba ya Butembo ilikuwa na anwani ya umma, tukaufungua mlango wake. Beni na Eringeti hutoka zenyewe kwenda kubisha Butembo, na muunganisho ukishasimama, mafaili huenda pande zote mbili. Bila mlango wowote, Syncthing hupitia kompyuta za watu wa kujitolea. Hawawezi kusoma data, kwa kuwa imefumbwa, lakini mwendo ni wa kinyonga. Saa moja ya sauti isiyobanwa, kwa ubora wa CD, ni takriban megabaiti 635. Saa 9 hukaribia gigabaiti 6.

Tahadhari mbili. Usiuelekeze mlango 8384, maana ndio ukurasa wa kuongoza Syncthing. Tena, faili likifutwa kwenye nodi moja hufutwa kote, kwa hiyo washa utunzaji wa matoleo ya zamani.

Kabla ya kuanza niliwapigia simu wasemaji. Mzee mmoja aliuliza, "Sauti yangu italala wapi, mwanangu?" Nikamtajia nyumba tatu na wenyewe. Akakubali, ila wiki mbili baadaye akaomba hadithi moja iondolewe, kwa kuwa inataja shamba ambako familia yake hujificha. Niliifuta Butembo. Beni na Eringeti ikahamia kwenye folda ya matoleo ya zamani, kama tulivyoagiza wenyewe, na ikabidi mtu aifute kwa mkono katika kila nyumba. Tulihakikisha kwa simu, nyumba moja baada ya nyingine, ndipo nikampigia mzee.