Hasira ilikuwa majuto

Msomaji wa Qurani akifika Surat Maryam, aya ya 39, anakuta Kiyama kimeitwa Siku ya Majuto. Kwa Kiarabu ni yaum al-hasra. Hiyo hasra ndiyo mama wa hasira yetu, lakini kule haina ugomvi ndani yake. Ni majonzi ya mtu aliyepoteza jambo na hana namna ya kulirudisha.

Sauti yake haikusumbua. Kiswahili kilichomeka i kati ya s na r, kama kilivyoifanya fikra kuwa fikira. Kilichobadilika hasa ni maana, na hapo ndipo pana utamu, maana hatukuwa na upungufu wa majina. Ghadhabu nayo ni ya Kiarabu, ikafika na maana yake nzima. Tukaiweka mimbarini na kwa wakubwa. Hamaki ilitoka kwenye shina la upumbavu: ahmaq, kwa Kiarabu cha vitabuni, ni mpumbavu. (Wenye kuhamaki barabarani kila asubuhi wasinichukie mimi.) Lakini jikoni, sokoni na ndani ya daladala, neno lililotawala ni lile la majuto.

Kwa nini? Naamini njia ilikuwa imeshafyekwa na neno la Kibantu, uchungu. Aliyefiwa ana uchungu. Mkulima aliyekopwa korosho zake msimu mzima bila kulipwa naye ana uchungu, na huyu ukimchokoza atakuvurumishia matusi. Hatukutenga vyumba viwili, kimoja cha anayelia na kingine cha anayefoka. Kwa watu wanaosema hivyo, hasra kugeuka hasira ni hatua fupi sana. Mtazame anayetetemeka kwa hasira: mara nyingi machozi yako karibu kuliko ngumi.

Halafu kuna methali, hasira hasara. Masikioni ni kama ndugu wa tumbo moja, kumbe kila moja ina ukoo wake. Hasara ni khasara, yenye kh ya kooni ambayo wazee wengi wa pwani hawajaiacha. Kwa hati ya Kiarabu, herufi za mwanzo za maneno hayo mawili zinatofautiana kwa nukta moja tu ya juu. Alfabeti ya Kilatini ikaifuta nukta, na methali ikazidi kunoga. Ukoo huo wa khasara ndio uliotupa pia kisirani: lilikuwa neno la hasara na mkosi, leo tunambandika mtu mwenye ghubu, anayeamka amenuna kabla hajasemeshwa.

Sehemu ninayoipenda zaidi ni kitenzi. Mwenye hasira hahasiriki, anakasirika. Kuhasirika kupo katika kamusi, ila maana yake ni kupata hasara au kudhurika. Kwa hiyo muuza nyanya ambaye tenga lake limeanguka kutoka kwenye pikipiki amehasirika kwanza; kukasirika kunafuata, dereva akianza kudai nauli.