Kwa Kigiriki Neno Hili Lina Maana Gani?

Katika vikundi vingi tunavyotembelea kazi huanza kwa sala na somo la Injili, ndipo daftari ya michango hufunguliwa. Siku hizi kuna jambo limeingia hapo katikati. Mhubiri mgeni anafika na kusema, "Ninyi mmesoma Kiswahili tu. Kwa Kigiriki neno hili lina maana nyingine kabisa." Watu wote kimya. Nani atambishia?

Kikundi kimoja cha akina mama kiliambiwa kwamba "ushirika" kwa Kigiriki ni koinonia, yaani umoja wa kiroho peke yake, na kwamba kuweka akiba pamoja ni mambo ya dunia. Wanachama kadhaa wakadai warudishiwe pesa zao. Waliobaki wakatuuliza: je, itabidi nasi tujifunze Kigiriki?

Agano Jipya liliandikwa kwa Kigiriki cha kawaida cha karne ya kwanza, ambacho huitwa koine, maana yake "ya wote". Ilikuwa lugha ya sokoni na ya barua, iliyowaunganisha watu wa makabila mengi kuzunguka bahari ya Mediteranea, kama Kiswahili kinavyomkutanisha Mluo na Mkamba pale stendi ya basi. Kwa hiyo si lugha ya siri.

Herufi zake ni 24, na mtu akijitahidi anaweza kuzizoea kwa wiki chache. Mbili mnazijua tayari: Alfa na Omega, ya kwanza na ya mwisho, ambazo huandikwa kila mwaka kwenye mshumaa wa Pasaka. Shida ni zile zinazofanana na zetu lakini zina sauti nyingine. Ile alama ya P na X iliyoshonwa kwenye mavazi ya padri wengi huisoma "piksi", kumbe X ni "kh" na P ni "r", herufi mbili za kwanza za jina Khristos.

Baada ya herufi ndipo mambo yanaanza kuwa magumu. Sisi tunabadilisha neno mwanzoni: nasema, wasema, asema. Mgiriki anabadilisha mwishoni: lego, legeis, legei. Hata majina hubadilika mwisho. "Bwana" ni Kurios, lakini ukimwita unasema Kurie, na "ya Bwana" ni Kuriou. Wazee walioimba Kirie eleison katika Misa ya Kilatini walikuwa wanaimba Kigiriki, na ile "e" ya mwisho wa Kirie inaonyesha kwamba Bwana anaitwa, si kwamba anazungumziwa tu.

Hapa sisi tuna bahati. Aliyezoea kusema "kiti kizuri, viti vizuri" hashtuki akiona sifa ya Kigiriki inafuata jina lake. Tena Kigiriki, kama Kiswahili, hutenganisha "wewe" na "ninyi". Katika Luka 22:31-32 Yesu anamwambia Simoni kwamba Shetani amewataka ninyi, wote, lakini yeye amemwombea wewe, Simoni. Kiingereza cha leo hutumia neno moja kwa yote mawili, na msomaji wake asipoangalia jambo hili linampita. Msomaji wa Kiswahili analiona bila kwenda shule yoyote.

Sasa turudi kwa yule mhubiri. Kosa kubwa la wanaojua Kigiriki kidogo ni kudhani kwamba kila neno lina maana moja iliyofichwa ndani yake kama kokwa katika embe. Hebu tufikirie Kiswahili chetu. Tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga kura. Mgeni akishika kamusi na kusema "kupiga ni kuumiza", atatuogopa sana siku ya uchaguzi! Maana huonekana pale neno linapotumika.

Mfano unaosikika sana ni dunamis, yaani nguvu. Wahubiri hupenda kusema ndiyo baruti kali, dainamaiti, kwa hiyo Roho Mtakatifu analipua. Lakini dainamaiti ilipewa jina hilo na Alfred Nobel mwaka 1867. Yeye ndiye aliyeazima kwa Wagiriki. Mtakatifu Paulo hakuwa na baruti akilini.

Vivyo hivyo huambiwa kwamba agapao ni kupenda kwa Kimungu na fileo ni kupenda kwa kirafiki tu. Fungueni Yohane 3:35 na 5:20. Mahali pote pawili Baba anampenda Mwana. Pa kwanza ni agapao, pa pili ni fileo. Na katika 2 Timotheo 4:10 Dema aliyemwacha Paulo kwa kuupenda ulimwengu, kupenda kwake ni agapao.

Na koinonia? Tulikaa na wale akina mama, tukatafuta linavyotumika. Katika Luka 5:10, Yakobo na Yohane wanaitwa koinonoi wa Simoni, neno la ukoo huohuo: walikuwa wenzake katika kazi ya uvuvi. Katika Warumi 15:26, koinonia ni mchango wenyewe, pesa zilizokusanywa Makedonia na Akaya kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu. Katika 1 Wakorintho 10:16 ni kushiriki Mwili na Damu ya Kristo. Hatusemi kwamba maana zote hizi zimo kila mahali neno linapotokea, maana hilo nalo lingekuwa kosa lilelile. Tunasema kwamba asemaye koinonia haihusu pesa kamwe hajafika Warumi mlango wa 15. Na tukiwa hapo kwa Paulo, tazameni 2 Wakorintho 8:16-22: mchango ule hakuubeba peke yake, alimtuma Tito pamoja na ndugu wengine wawili, asije mtu akamlaumu. Mweka hazina wa kikundi alisoma mistari hiyo mara mbili kwa sauti.

Kwa hiyo si lazima kila mtu ajifunze. Mgeni akisema "kwa Kigiriki", mwombeni kwa heshima aonyeshe mahali pengine patatu neno hilo linapotumika, mfungue Biblia zenu mwone kama maana yake inakubali. Akikataa, pesa zibaki sandukuni hadi mmemwuliza padri wa parokia.

Lakini kijana mwenye hamu asizuiwe. Vitabu vingi vya kufundishia vimeandikwa kwa Kiingereza, basi anayekisoma vizuri atapata nafuu. Zipo pia programu za simu zinazoweka neno la Kigiriki chini ya kila mstari. Ni msaada, ila zisimfanye aruke hatua ya herufi na miisho. Aanze na Injili ya Yohane, yenye maneno machache yanayorudiwarudiwa. Waraka kwa Waebrania auache kwanza.