Kazi zilizoanzwa na kuachwa njiani

Mara nyingi twasikia padri au katekista akisema: «Nimechoka, kazi ni nyingi mno.» Na kweli kazi ni nyingi. Lakini tukiangalia vizuri, twaona jambo la kushangaza. Mtu anaweza kulima shamba tangu asubuhi hata jioni, mwili ukachoka, naye akala na kulala usingizi mzuri. Mwingine ameshinda mezani, hakumaliza hata barua tatu, na usiku anageuka-geuka kitandani. Huyu wa pili hakuchoshwa na kazi alizozifanya, amechoshwa na zile ambazo hakuzifanya. Barua ya mkubwa wa shule haijajibiwa. Mabati ya kapela hayajalipwa. Mgonjwa fulani aliahidiwa kutembelewa. Tena wako watoto waliobatizwa siku ya Mungu iliyopita, na majina yao yangali kwenye kikaratasi ndani ya mfuko wa kanzu. Mambo hayo yote yanamwita kwa pamoja, wala hakuna hata moja linalopata jibu.

Kwa nini kazi isiyokwisha inasumbua akili namna hii?

Wenye elimu ya akili walianza kuchunguza neno hili karibu miaka mia iliyopita. Huko Berlin, katika Ujerumani, Bluma Zeigarnik, mzaliwa wa Lituania, alikuwa akisoma kwa mwalimu Kurt Lewin. Wanasimulia kwamba waliona katika mkahawa mtumishi wa meza aliyeshika kichwani vyakula vyote walivyoagiza wageni, bila kuandika kitu. Lakini wageni walipokwisha kulipa, alisahau yote. Basi Zeigarnik akawapa watu kazi ndogo ndogo kama 20 hivi: kutunga shanga, kufinyanga udongo, kupiga hesabu. Nusu ya kazi aliwaacha wazimalize, nusu aliwakatiza katikati. Mwaka wa 1927 akaandika kwamba zile zilizokatizwa zilikumbukwa karibu mara mbili kupita zile zilizomalizwa.

Tunapashwa kusema kweli: wengi waliojaribu nyuma yake hawakupata hesabu ileile, na leo neno lake juu ya kumbukumbu halishikwi tena kama neno la hakika. Lakini mwenzake, Maria Ovsiankina, aliandika mwaka wa 1928 jambo lingine lililosimama imara zaidi. Mtu aliyekatizwa kazi, akiachwa huru, anairudia mwenyewe bila kuagizwa na bila kutumaini malipo. Kazi iliyoanzwa inavuta, sawa mtoto anayevuta nguo ya mama yake sokoni. Mtoto mmoja, mama anaweza kumvumilia. Lakini wakiwa kumi na watano, kila mmoja akivuta upande wake, mama atanunua nini?

Je, tumalize kazi zote ndipo tupumzike? Haiwezekani. Kazi za parokia hazikwishi mpaka siku ya kuzikwa kwetu, na siku hiyo tutawaachia wengine. Kwa bahati njema, akili haidai hivyo. Mwaka wa 2011 Waamerika wawili, Masicampo na Baumeister, walionyesha jambo linalofaa kujulikana na kila mseminari. Waliwakumbusha watu shughuli zao zisizokwisha, kisha wakawapa kitabu wasome. Watu hao walisoma vibaya, mawazo yakiwatoroka. Wengine walikumbushwa vilevile, lakini kabla ya kusoma waliandika shauri lao: nitaifanya lini, wapi, kwa namna gani. Hao walisoma bila kusumbuliwa. Na kazi yenyewe ilikuwa haijafanywa hata kidogo! Akili ilitaka tu kujua kwamba jambo limepata mahali pake na siku yake.

Hata usingizi unafuata njia hiyo. Mwaka wa 2018 Michael Scullin na wenzake waliwaomba vijana 57 waandike kwa dakika 5 kabla ya kulala. Wengine waliandika mambo waliyokwisha kufanya, wengine mambo ya kufanya siku zinazokuja. Hawa wa mwisho walipata usingizi mapema kupita wale, karibu dakika 9. Mtu angefikiri kinyume, kwamba kutazama kazi za kesho kunaondoa usingizi.

Sisi tulio katika Kanisa hatuna haja ya kustaajabu sana, maana Sheria ya Kanisa ilikwisha kutuagiza jambo hilo kwa kazi mbili zilizo nzito. Ya kwanza ni Ubatizo. Kanuni 877 ya Sheria ya mwaka 1983 inamwagiza padri mkubwa wa parokia aandike kitabuni Ubatizo kwa uangalifu na pasipo kukawia. Yule mtoto wa kikaratasi, baada ya miaka ishirini atakuja kutafuta cheti ili afunge ndoa. Kikaratasi kitakuwa kimefuliwa pamoja na kanzu zamani sana.

Ya pili ni nia za Misa. Mjane ameleta sadaka yake ili mumewe aombewe. Tangu saa hiyo padri ana deni. Kanuni 955 inataka kila padri aandike barabara Misa alizopokea na zile alizokwisha kutimiza, na kanuni 958 inataka parokia iwe na kitabu maalum, ambacho Askofu anapashwa kukikagua kila mwaka, yeye mwenyewe au kwa mjumbe wake. Kanisa halikusema: «Padri ana akili nzuri, atakumbuka.» Tena kanuni 953 inakataza kupokea sadaka za Misa nyingi kupita zile ambazo padri anaweza kuzitimiza mwenyewe ndani ya mwaka mmoja. Hapo pana hekima ambayo wengi wetu hatuipeleki kwenye kazi nyingine. Misa twazihesabu, lakini ahadi twazitoa ovyo: nitakuja kijijini kwenu, nitasema na mwalimu, nitawatafutia vitabu.

Basi tungependa daftari moja tu, lililo dogo kuingia mfukoni, liwe kwa kazi zote sawa kile kitabu kilivyo kwa Misa. Tunasema moja. Mwenye kuandika kidogo kwenye bahasha, kidogo kwenye telefone, kidogo kiganjani, hajatua mzigo, ameutawanya tu. Tena aandike neno linaloweza kufanywa. Akiandika «shule ya kijiji», hakuandika kitu. Kila atakapolisoma neno hilo atashikwa na uchovu uleule. Afadhali aandike: «Siku ya pili, baada ya Misa, kumwuliza mwalimu idadi ya madawati yaliyovunjika.» Hata aliyechoka anaweza kuanza hilo. Na daftari lisilofunguliwa haliponyi mtu. Tuchague saa, kwa mfano siku ya posho jioni, tulipitie lote, tufute yaliyokwisha, tuyape mengine siku. Akili haidanganyiki: ikijua kwamba hatusomi tulichoandika, itaanza tena kutuamsha usiku.

Wako wanaosema kwamba padri mwenye daftari anageuka karani. Sisi twaona kwamba karani hasa ni yule anayeketi karibu na mgonjwa huku akihesabu mabati kichwani. Mgonjwa anamwona.

Lakini daftari halitaongeza saa za mchana. Likijaa kupita kiasi, dawa si daftari la pili. Katika karne ya 12 Mtakatifu Bernardo alimwandikia Papa Eugenio III, aliyekuwa zamani mmonaki wake, akimhurumia kwa mashauri aliyosikiliza tangu asubuhi hata usiku, na kumwonya asijiruhusu kumezwa nayo. Mengine hatuna budi kumpa katekista, mengine baraza la wakristu, mengine kuyakataa wazi, na mwenyewe aambiwe, asikae akingoja. Neno la «bado kidogo» linamtesa anayengoja, na linamtesa aliyelisema vilevile.

Na tufikiri pia siku ya kuhamishwa. Barua ya Askofu ikifika, padri anafunga sanduku na kuondoka. Yale aliyoyashika kichwani anaondoka nayo. Yaliyo kitabuni yanabaki mezani, na padri mpya, akifungua ukurasa, anajua kwamba bado Misa nne kwa marehemu wa yule mjane.