Riwaya na historia: vitabu saba vya kuwa navyo nyumbani ughaibuni

Kila ukifika mwezi wa Januari, Wazanzibari walioko Muscat, London na Toronto hurudi kwenye mabishano yale yale: nani alifanya nini katika Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964? Aliyekuwepo husema lake, na aliyesimuliwa tu husema zaidi ya aliyekuwepo. Wengi wetu tunabishana kwa kusikia. Vitabu vipo, tena kwa lugha yetu wenyewe, lakini katika nyumba zetu huku ughaibuni havionekani.

Ndugu msomaji, nimechagua vitabu saba. Sita kati ya hivyo nimevipanga viwili viwili, riwaya kwa kitabu cha mambo ya kweli. Sababu yangu ni hii: mtunzi wa riwaya anaweza kuingia ndani ya nyumba na ndani ya moyo wa mtu, lakini hadaiwi ushahidi. Mwandishi wa historia au wasifu hutaja majina na tarehe, lakini naye ana upande wake. Ukivisoma pamoja, kimoja kinakihoji kingine.

Tuanze na hilo la Januari. Mwaka 2010 Dk. Harith Ghassany alitoa kitabu Kwaheri Ukoloni, Kwaheri Uhuru!, kilichokusanya masimulizi ya watu walioshiriki au kushuhudia Mapinduzi, na hasa mchango wa watu waliotoka Tanganyika. Wapo wanaokisifu na wapo wanaokipinga vikali, lakini anayekipinga bila kukisoma hana hoja. Kiweke pamoja na Haini, riwaya ya Adam Shafi iliyochapishwa mwaka 2003. Mzee Karume aliuawa tarehe 7 Aprili 1972, na Shafi alikuwa miongoni mwa waliotiwa kizuizini baada ya mauaji hayo. Riwaya hiyo inamwingiza msomaji katika misako, jela na mateso yanayofuata kuuawa kwa mtawala. Ilibidi ipite miaka 31 mpaka itoke. Sisi waandishi tulioondoka nyumbani kwa sababu ya kalamu tunaelewa kwa nini jambo ambalo gazeti halithubutu kuliandika hujificha ndani ya hadithi.

Jozi ya pili inahusu biashara ya misafara ya kwenda bara. Hamed bin Muhammed, maarufu kama Tippu Tip, aliyefariki Unguja mwaka 1905, aliacha maisha yake kwa maneno yake mwenyewe, kwa Kiswahili. Anasimulia pembe za ndovu, vita na utawala wake katika nchi ambayo leo ni Kongo, kwa sauti ya tajiri anayehesabu mali. Wale waliobebeshwa pembe hizo hawapewi nafasi ya kusema. Sasa kisome Peponi cha Abdulrazak Gurnah, aliyekimbilia Uingereza akiwa kijana na kupata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Kiliandikwa kwa Kiingereza mwaka 1994, na tafsiri ya Kiswahili ya Ida Hadjivayanis ilitolewa na Mkuki na Nyota, Dar es Salaam, mwaka 2022. Humo msafara ni ule ule wa kwenda bara, lakini anayeutazama ni Yusuf, mtoto aliyetolewa na baba yake kwa mfanyabiashara kulipia deni. Tajiri na mtoto wa rehani hawaioni njia moja kwa jicho moja.

Jozi ya tatu ni ya wanawake. Shaaban Robert aliandika Wasifu wa Siti binti Saad, mwanamke wa Fumba aliyekuwa akiuza vyungu, akaja kuwa mwimbaji wa taarab na mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi santuri. Ni kitabu kifupi, na nia yake ni kumsifu. Vuta n'kuvute ya Adam Shafi, ya mwaka 1999, inaonyesha upande ambao sifa hazifiki: Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa mume mzee, anakimbia ndoa, anakataliwa na jamaa zake, na anampenda Denge, mpinzani wa Waingereza. Vijana wakiona uvivu wa kusoma, waonyesheni kwanza filamu yake iliyotengenezwa na Amil Shivji mwaka 2021, kisha wapeni kitabu.

Cha saba ni cha watoto wetu waliozaliwa huku. Siku Njema ya Ken Walibora, mwandishi wa Kenya aliyefariki mwaka 2020, ilitoka mwaka 1996. Ni hadithi ya Kongowea, kijana anayeondoka Tanga kwenda Kenya kumtafuta baba asiyemjua. Mtoto anayeulizwa kila siku shuleni ametoka wapi hatahitaji kuelezwa kinahusu nini.

Najua kikwazo. Maduka ya vitabu ya miji tunayoishi hayaviweki, na posta ni ghali. Lakini kila mgeni anayetoka nyumbani tunamwagiza dagaa, kanga na karafuu. Tumwagize na kitabu kimoja, tena tukinunue badala ya kungoja nakala ya kuibia, maana mtunzi naye anakula. Kikifika kisomwe kwa sauti, kurasa mbili tatu kila jioni, mzazi akisaidia maneno magumu.

Na Januari ijayo, mtu akianza yale mabishano, tusimzuie. Tumuulize tu: bwana, hilo umelisoma kitabu gani?